Sumu Isiyo na Pa Kwenda

Samaki-sanduku mchanga hahitaji kunadiwa, hujiuza mwenyewe. Ni wa manjano iliyokolea, ana madoa meusi mwili mzima, na umbo lake la pembe nne humfanya aonekane dadu iliyoota mapezi. Mwili wake haupindi wala hautikisiki, kwa sababu chini ya ngozi kuna gamba la vipande vya mfupa vilivyoungana. Hujisogeza kwa kupepea vipezi vidogo, mara mbele, mara nyuma, mara anasimama palepale akikutazama. Umbo hilo liliwavutia hata wahandisi: mwaka 2005 Mercedes-Benz ilionyesha gari la majaribio lililochongwa kwa kumwiga. Watoto wanaganda kwenye kioo cha duka, baba anauliza bei. Muuzaji mwaminifu hapo ndipo angesema jambo ambalo wengi hulimeza: samaki huyu akitishika sana anaweza kuua samaki wenzake waliomo tangini, na yeye mwenyewe akafuata.

Si hadithi za wavuvi. Mwaka 1964 mtafiti Donald Thomson alichapisha katika jarida la Science maelezo ya sumu ambayo samaki wa jamii hii huitoa kupitia ngozi akiwa katika hali ya dhiki. Miaka mitatu baadaye, Boylan na Scheuer wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliichambua na kuonyesha imeundwa na nini. Kwa tabia yake ni ndugu ya sabuni. Hutoa povu majini, huingia kwa samaki wengine kupitia matamvua, na huvunja seli nyekundu za damu. Samaki asiye na seli hizo hawezi kubeba oksijeni, hata maji yakiwa na hewa tele.

Sasa mtazame samaki huyohuyo kwenye mwamba wa matumbawe, tuseme Chumbe au Shimoni. Samaki mkubwa anamdaka, anaonja uchungu, anamtema. Ute wenye sumu unabaki nyuma, mkondo unaubeba, na baada ya muda mfupi bahari imeuzimua mpaka hauna madhara kwa yeyote. Silaha imefanya kazi yake bila kumwaga damu ya jirani. Ndivyo ilivyoundwa kufanya kazi: ndani ya maji yasiyo na mwisho.

Kwenye sebule hakuna mkondo wa kubeba chochote. Kuna lita 300 au 400 za maji, na kuna pampu inayoyazungusha mchana na usiku. Pampu hiyo, ambayo ndiyo roho ya tangi, siku ya balaa hugeuka kuwa mgawaji: humpelekea kila samaki fungu lake la sumu, kisha humrudishia tena. Wafugaji wanaojua hali hii huitambua kwa ishara tatu. Samaki wanapanda juu na kutweta, povu linatanda juu ya maji, na samaki-sanduku mwenyewe amejibanza pembeni, rangi imemtoka. Muda uliobaki huhesabiwa kwa dakika, si kwa saa.

Kinachofaa kufanywa ni kuwahamisha walio hai kwenye maji mengine ya chumvi, kubadilisha sehemu kubwa ya maji ya tangi, kuweka mkaa mpya wa kuchujia na kuongeza hewa. Lakini maji mengine ya chumvi yako wapi? Maji ya bomba hayamfai samaki wa bahari hata kwa dharura, na chumvi ya akwariamu huhitaji muda wa kuyeyuka vizuri na kufikishwa kwenye kipimo cha bahari, gramu 35 hivi kwa kila lita. Ndiyo maana namwona mfugaji makini kwa kitu kimoja kisichovutia macho: pipa lililofunikwa, nyuma ya mlango, lenye maji ya chumvi yaliyo tayari wakati wote. Asiye na pipa hilo asijadiliane bei ya samaki-sanduku.

Wapo watu waliomfuga kwa miaka bila tukio lolote, nami siwabishii. Siri yao haiko kwenye bahati. Hawamchanganyi na kikande wala samaki mwingine mwenye tabia ya kung'atang'ata. Wamezungushia wavu mdomo wa pampu ili asinyonywe. Na wakitaka kumtoa hawamkimbizi kwa kimia kuzunguka tangi lote. Humwelekeza taratibu mpaka aingie mwenyewe kwenye chombo cha plastiki, wakamtoa na maji yake. Kumbukeni pia kwamba yule mdogo wa dukani ana safari ndefu ya kukua. Aliyekomaa hufika sentimeta 45, na ile manjano ya kupendeza hufifia. Atakayebaki na wewe ni huyo mkubwa aliyepauka.

Safari ya samaki hawa inatuhusu sisi moja kwa moja, kwa sababu baadhi yao huanzia kwetu. Kenya imekuwa ikiuza nje samaki hai wa mapambo kwa miongo kadhaa, na wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, wameandika mengi kuhusu biashara hiyo. Wazamiaji huingia majini wakiwa na miwani, nyavu za kuzuia na vimia vya mkono, wakatafuta kitatange, kangaja wadogo na samaki-simba. Samaki hukaa ghalani kwanza, hunyimwa chakula kwa muda ili wasichafue maji safarini, kisha kila mmoja hufungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, tayari kwa ndege ya Ulaya au Marekani. Anayefunga mifuko hajaribu kumweka samaki-sanduku pamoja na wengine. Maji ya mfuko mmoja ni kidogo mno, na akiachia sumu humo atajiua mwenyewe kabla ndege haijapaa. Ujuzi huo, ambao kibarua wa ghalani anao mikononi, ndio unaopotea njiani. Unapofika kwenye duka la ng'ambo umebaki kijikaratasi chenye jina na bei.

Samaki-simba ni habari nyingine kabisa, na maoni yangu yatawashangaza baadhi ya wasomaji: mtu akinilazimisha kuchagua mmoja kati ya hawa wawili aingie nyumbani mwangu, nitamchukua samaki-simba. Huyu hafichi kitu. Ana mistari ya hudhurungi na nyeupe, mapezi ya ubavuni yaliyotanuka, na uti wa miiba uliosimama mgongoni. Miiba yenye sumu ni 18: mgongoni 13, miwili tumboni, mitatu karibu na mkia. Yale mapezi makubwa ya ubavuni yanayotisha zaidi hayana sumu hata tone. Na sumu yake haimwagiki majini. Inakaa kwenye tishu zilizolala ndani ya mifereji ya mwiba, zimefunikwa na ngozi nyembamba. Mwiba ukizama mwilini mwako ngozi hiyo husukumwa nyuma, tishu hukamuliwa, sumu huingia. Samaki hapigi sindano. Anayeisukuma sumu ni wewe, kwa uzito wa mkono wako.

Inapendeza kumwona akila. Hana haraka. Anamsogelea dagaa akiwa ametandaza mapezi, anamziba njia, pembe kwa pembe. Akikaribia, humpulizia maji kutoka mdomoni, na samaki mdogo anapogeuka kuelekea huo mkondo, anageuza kichwa kwenye mdomo uliokwisha kufunguka. Tukio lote ni la kupepesa jicho mara moja. Kwa hiyo yeyote anayemtosha mdomoni ni chakula, na kosa la kumweka na samaki wadogo halisamehewi. Spishi ya pwani yetu, Pterois miles, hufika sentimeta 35, hivyo tangi la lita 400 na ushee ndilo la kuanzia.

Hatari yake iko kwenye mazoea. Baada ya wiki chache anamjua anayemlisha. Akiona kivuli cha mtu anakuja juu, anazungukazunguka, anadai. Mfugaji anafurahi, anaanza kumlisha kamba kwa vidole badala ya koleo refu. Kisha siku ya kusugua kioo anaingiza mkono, na samaki anausogelea kama alivyofundishwa. Wengi wanaochomwa nyumbani huchomwa mkononi, katika kazi za kawaida kabisa: kusafisha, kuhamisha jiwe, kumtoa samaki.

Mkono huo, kwenye nyumba zetu nyingi, si wa mwenye samaki. Ni wa dada wa kazi aliyeambiwa asugue kioo Jumamosi, au wa kijana anayekuja kubadilisha maji na kulipwa kwa siku. Bwana mwenye nyumba amesoma kila kitu kuhusu samaki wake, anawaeleza wageni jina la kisayansi, lakini aliyetumbukiza mkono hadi kiwiko hakuambiwa hata neno moja. Hili linanikera kuliko sumu yenyewe. Kama unafuga samaki mwenye miiba, mtu wa kwanza kufundishwa ni huyo, na glavu nene, ndefu za mpira ni zake kabla ya kuwa zako. Mwiba unaweza kupenya glavu nyembamba, kwa hiyo hata akivaa, samaki atengwe kwanza kwa kizuizi cha plastiki kilichotobolewa.

Mtu akichomwa, maumivu huanza papo hapo na kupanda kwa saa nzima au zaidi. Mkono unavimba, wengine wanapata kichefuchefu. Tiba ya kwanza ni maji ya moto. Sumu hii ni protini, na joto huiharibu. Toa kipande cha mwiba kinachoonekana, kisha loweka sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90. Maji yapimwe kwa mkono mzima, kamwe si kwa uliochomwa, maana wenye maumivu hauwezi kuamua joto na watu wamejiunguza kwa njia hiyo. Usichanje, usifunge kamba, usinyonye. Baada ya hapo nendeni hospitali, kwa ajili ya pepopunda na vipande vilivyobaki ndani. Na kama pumzi inakuwa nzito au kifua kinabana, hospitali inakuja kwanza na maji ya moto yafanyike njiani. Kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra sana mchomo wa samaki-simba kuua. Kwa mtoto, mzee au mwenye mzio, sitaki kubahatisha.

Kwa watu wa pwani hapa hakuna jipya. Anayeparua tasi sokoni anajua kwamba miiba yake inachoma, na anajua pa kuishika kabla ya kuipunguza kwa kisu. Mvuvi wa ngogo anajua zaidi. Samaki hao wawili wamo pia kwenye maduka ya akwariamu: ndugu wa tasi mwenye uso kama wa mbweha huuzwa kwa sababu anakula mwani, na ngogo wachanga huuzwa kwa kundi, weusi wenye mistari myeupe, wakibingirika pamoja kama mpira hai. Ngogo mmoja mmoja akikua huacha kundi na kujificha chini ya jiwe, na hapo ndipo mkono unapompata.

Samaki-jiwe nitampitia haraka kwa sababu sina cha kujadili. Ndiye mwenye sumu kali kuliko samaki wote wanaochoma, hukaa chini bila kusogea, na kazi yake yote ni kutoonekana. Australia ilianza kutumia dawa maalumu dhidi ya sumu yake mwaka 1959. Je, hospitali iliyo jirani na nyumba yako inayo? Samaki ambaye hata ukimtafuta humwoni hana sababu ya kukaa mahali ambapo watu huingiza mikono. Wanaomtaka wampeleke kwenye akwariamu ya umma yenye wafanyakazi waliofunzwa.

Bunju naye anasingiziwa. Watu huogopa kumweka tangini kwa sababu wamesikia sumu yake inaua, na kweli inaua, lakini anayeila. Tetrodotoksini, iliyopewa jina na Mjapani Yoshizumi Tahara mwaka 1909, hukaa zaidi kwenye ini na mayai, na hadi leo haina dawa ya kuibatilisha. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka mwili uiondoe. Nahodha James Cook aliionja mwezi Septemba 1774 huko New Caledonia, ini kidogo tu na mayai, akaamka usiku viungo vimekufa ganzi. Nguruwe aliyepewa matumbo ya samaki huyo hakuamka. Sumu hiyo hutokana na bakteria na hujengeka kupitia chakula, na ndiyo maana Wajapani wameweza kuzalisha bunju wasio na sumu kwa kuwalisha chakula safi. Tangini shida ya bunju ni meno: hayaachi kukua, kwa hiyo anahitaji kome na kaa wa kusaga, la sivyo hufungwa mdomo na meno yake mwenyewe akafa njaa. Akifa, mzikeni. Asitupwe mahali ambapo mbwa au paka atamfikia.

Kuna sumu nyingine ya tangini ambayo si ya samaki, lakini siwezi kuiacha, kwa kuwa inaingia na mawe. Viumbe laini vya jamii ya matumbawe, vyenye umbo la maua madogo ya rangi za kung'aa, hupendwa sana na wafugaji. Baadhi yao hubeba palitoksini, miongoni mwa sumu kali kabisa za asili zinazojulikana. Mtu anaona vimezidi, anatoa jiwe, analimwagia maji yanayochemka au kulisugua kwa burashi, na mvuke unaijaza nyumba. Mwezi Machi 2018, katika kijiji cha Steventon, Uingereza, watu wapatao kumi wakiwemo wazimamoto walipelekwa hospitali baada ya familia moja kusafisha tangi lake. Huko Alaska, taasisi ya afya ya Marekani ilieleza visa vya namna hiyo vilivyotokea kati ya 2012 na 2014, madukani na majumbani. Homa, kukohoa, pumzi kubana. Jiwe la namna hiyo halichemshwi, halisuguliwi likiwa kavu, na halishikwi bila glavu na miwani.

Linabaki swali la siku ile mfugaji anapochoka. Amehama, au amepata mtoto, au samaki amekula wenzake wote na sasa anajaza tangi peke yake. Ufukwe uko karibu. Ndoo ipo. Anajiona mwenye huruma: namrudisha nyumbani.

Huenda ndivyo ilivyoanza Florida. Samaki-simba wa kwanza kurekodiwa kwenye maji ya jimbo hilo alipatikana mwaka 1985, karibu na Dania. Kwa muda mrefu lawama zilipelekwa kwa Kimbunga Andrew cha Agosti 1992, kilichosemekana kuvunja tangi moja la ufukweni na kuwatoa samaki sita. Kisa kitamu, ila kimbunga kilifika miaka saba baada ya samaki. Wanasayansi wengi wanaelekeza kidole kwa wafugaji, mmoja hapa, mwingine pale, kila mtu na ndoo yake. Kufikia mwaka 2000 samaki hao walikuwa North Carolina, 2004 Bahama, kisha Karibi yote, na 2014 wakaonekana Brazili. Uchunguzi wa vinasaba uligundua spishi mbili: wengi ni wale wa Pasifiki, na sehemu ndogo ni Pterois miles, huyu wa kwetu.

Huku kwetu haonekani kuwa balaa. Yumo mwambani, mmoja mmoja, na anaishi na majirani waliokua naye. Kule samaki wadogo hawakuwa wamewahi kuona kiumbe kinachotembea polepole huku kimetandaza mapezi, hawakukimbia. Jike mmoja anakadiriwa kutaga mayai kama milioni mbili kwa mwaka. Kwenye miamba iliyofuatiliwa Bahama kati ya 2008 na 2010, uzito wa samaki wanaoliwa naye ulishuka kwa asilimia 65.

Florida ilipiga marufuku kuingiza samaki-simba hai mwaka 2014, miaka 29 baada ya yule wa kwanza. Sasa wanawindwa kwa mashindano ya mikuki na kuuzwa mikahawani, kwa kuwa nyama yao haina sumu. Mpishi hukata miiba kwa mkasi wa nguvu, akaendelea na kazi yake. Mfugaji aliyechoka ana njia nyingine: kumrudisha dukani, kumpa mfugaji mwenye nafasi, au kuulizia akwariamu ya umma. Maduka mengine hukataa kupokea samaki aliyekua, hasa samaki-sanduku wa sentimeta 40 ambaye hakuna mfuko wa kumsafirisha salama. Swali hilo liulizwe siku ya kununua, kabla pesa haijatoka mfukoni: akikua, mtamchukua?